Shira ya Mahindi na Ini la Mwanadamu

Mwezi wa Julai mwaka 2025 Rais wa Marekani, Donald Trump, alitangaza kwamba kampuni ya Coca-Cola imekubali kutumia sukari ya miwa katika soda yake iuzwayo nchini humo, na baada ya siku chache kampuni yenyewe ikathibitisha kuwa italeta sokoni soda ya namna hiyo, iuzwe pamoja na ile ya siku zote yenye shira ya mahindi. Wamarekani wengi waliipokea habari hiyo kwa furaha kubwa, kana kwamba kitu cha hatari kimeondolewa mezani na mahali pake pamewekwa kitu cha salama. Furaha hiyo haikuzuka ghafla. Kwa miaka 20 na zaidi wazazi wa huko wamekuwa wakisoma maandishi madogo yaliyo juu ya chupa na makopo, na wakiona kwamba kinywaji kimetiwa shira ya mahindi hukirudisha mahali pake; na wako wanaolipa bei kubwa zaidi ili wapate Coca-Cola ya chupa ya kioo itokayo Meksiko, au wanaongoja majira ya Pasaka ya Kiyahudi wapate ile yenye kizibo cha manjano, kwa kuwa hizo mbili hutiwa sukari ya kawaida. Shira ya mahindi imetwishwa lawama ya unene, ya kisukari na ya maradhi ya moyo, na sukari ya miwa imevishwa sifa ya kuwa ni neema ya maumbile isiyo na dhara.

Jambo hili lastahili kuchunguzwa kwa utulivu, kwa sababu kosa lililojificha ndani yake linagusa siha ya watoto wengi, wakiwamo wa ndugu zetu waliohamia Marekani na wakiwamo hawa wa kwetu, ambao soda yao aghalabu ni ya miwa tangu hapo. Hukumu yangu naitoa mapema ili msomaji aipime kadiri tunavyokwenda: ugomvi kati ya mahindi na miwa ni ugomvi usiokuwa na maana kubwa kwa mwili wa mwanadamu, na kila mwaka unaopotea katika ugomvi huo ni mwaka ambao watu wanaendelea kunywa kile kile kinachowadhuru, kwa jina hili au kwa jina lile.

Asili ya shira hii ni maabara. Punje ya hindi imejaa wanga, na wanga ni mnyororo mrefu wa glukosi, na tangu karne ya 19 ilijulikana kwamba mnyororo huo waweza kukatwakatwa ukawa shira. Walakini shira ya glukosi tupu haina utamu wa kutosha kushindana na sukari ya miwa. Mwaka 1957 wataalamu wawili wa Kimarekani, Richard Marshall na Earl Kooi, waliwajulisha wenzao kwamba wamepata kimeng'enya kiwezacho kuigeuza glukosi kuwa fruktosi, nayo fruktosi ni tamu kupita sukari zote za kawaida. Lakini njia yao haikufaa kwa biashara. Ilikuwa katika miaka ya 1960 ambapo mtaalamu wa Kijapani, Yoshiyuki Takasaki, alifanikiwa kupata kimeng'enya kinachostahimili joto na kuifaa kazi ya kiwandani, na mwaka 1967 kampuni ya Clinton Corn Processing, katika mji wa Clinton, jimbo la Iowa, ikaanza kuiuza shira hiyo mpya.

Namna itengenezwavyo ni hivi. Mahindi hulowekwa, husagwa yangali mabichi kwa maji, na wanga ukatengwa na maganda, viini na protini. Vimeng'enya viwili vikaukata wanga huo hata ukawa glukosi. Kisha glukosi ikapitishwa kwenye kimeng'enya cha tatu, ndicho kile cha kugeuza, ikatoka shira yenye fruktosi kiasi cha asilimia 42. Hiyo hutumika katika mikate, biskuti na vyakula vya makopo. Sehemu yake huchujwa zaidi hata ikafika asilimia 90, kisha ikachanganywa na ile ya kwanza ili ipatikane ya asilimia 55, na hii ndiyo iingiayo katika soda. Mwenye kiwanda cha vinywaji huipenda kwa kuwa huletewa kwa malori ya matangi ikiwa tayari majimaji, haihitaji kuyeyushwa, wala haigandi chembechembe kwa urahisi.

Hata hivyo shira hii isingalitawala kama si siasa. Mwaka 1960 Marekani ilikata ununuzi wa sukari ya Kuba, iliyokuwa ghala lake kuu. Mwaka 1974 bei ya sukari ghafi duniani ilipanda kupita kiasi, ikavuka senti 60 za dola kwa ratili moja, jambo ambalo halikuwa limeonekana kabla ya hapo. Na mwaka 1982 serikali ya Marekani, kwa kutaka kuwalinda wakulima wake wa miwa na wa viazi sukari, ikaweka mgao kwa sukari itokayo nje, hata sukari ikawa ghali ndani ya nchi kuliko nje yake. Wakati huo huo mashamba ya mahindi ya Iowa, Illinois na Nebraska, yaliyosaidiwa na fedha za hazina, yalikuwa yakitoa mavuno yasiyokuwa na mnunuzi wa kutosha. Huku sukari ni ghali kwa amri, na kule mahindi ni rahisi kwa msaada. Basi mwenye kiwanda alifuata penye nafuu, kama ambavyo mfanyabiashara yeyote angefanya. Coca-Cola iliruhusu nusu ya utamu wake utokane na mahindi mwaka 1980, na mwezi wa Novemba mwaka 1984 kampuni hiyo na mpinzani wake Pepsi wakaiacha sukari ya kawaida kabisa katika soda zao za Marekani. Mwaka 1970 mgawo wa kila Mmarekani katika shira hiyo haukutimia hata nusu kilo kwa mwaka. Mwaka 1999 ulikuwa umekaribia kilo 29.

Sasa tuitazame sukari yenyewe. Sukari ya miwa, na ya viazi sukari vilevile, ni sukrosi: chembe moja ya glukosi na moja ya fruktosi zilizoshikamana, yaani nusu kwa nusu. Shira ya soda ina fruktosi asilimia 55 na glukosi kiasi cha asilimia 42, na baki yake ni vipande vya wanga ambavyo havikukatika sawasawa. Tofauti iliyopo ni kwamba katika sukrosi hizo mbili zimefungamana na katika shira ziko huru. Lakini kifungo hicho hakina umri mrefu. Kimeng'enya kilicho katika kuta za utumbo mwembamba hukikata mara sukari inapofika, na katika soda, ambayo ina uchachu, sukari ya miwa huanza kuvunjika ikiwa ingali ndani ya chupa, hata chupa iliyokaa ghalani miezi kadhaa yaweza kuwa na sehemu kubwa ya sukari iliyokwisha kuachana kabla haijafika kinywani. Kwa hiyo kinachoingia katika damu ya mnywaji wa soda ya miwa na kinachoingia katika damu ya mnywaji wa soda ya mahindi vinakaribiana mno. Watafiti wa Los Angeles walipopima baadhi ya soda mwaka 2014 waliona fruktosi imefika kama asilimia 60, zaidi ya ile iliyotajwa na wenye viwanda, na jambo hilo si la kupuuzwa. Lakini hata hapo tofauti ni ya gramu chache katika kopo moja, na mtu huziziba gramu hizo, au kuzizidisha, kwa kunywa mafunda machache zaidi.

Penye uzito ni pale ambapo fruktosi inaachana njia na glukosi, na hapa namwomba msomaji avumilie kidogo, kwani bila ya kulifahamu hili mjadala wote ni kelele. Glukosi ikiingia katika damu, kongosho humwaga insulini, na kila kiungo, ubongo, misuli, moyo, kikachukua riziki yake. Fruktosi ni mithili ya jahazi linalotia nanga hasa katika bandari moja, na bandari hiyo ni ini. Ikiwa kidogo, utumbo wenyewe waweza kuimudu, na hilo limeonekana wazi katika panya. Ikizidi, hufurika ikaelekea kwenye ini. Na ini, ambalo kwa glukosi lina kizuizi cha kupunguza kasi pale nishati inapotosha, halina kizuizi cha namna hiyo kwa fruktosi: huipokea yote inayokuja, na isiyohitajika huigeuza kuwa mafuta. Baadhi ya mafuta hayo hutoka kwenda katika damu, yakaongeza hatari kwa mishipa ya moyo. Baadhi hubaki ndani ya ini lenyewe, likawa ini lenye mafuta la mtu asiyeonja pombe maisha yake yote. Ini la namna hiyo huanza kuikaidi insulini, kongosho ikalazimika kumwaga zaidi na zaidi, na njia hiyo mwisho wake hujulikana kuwa ni kisukari. Juu ya hayo, kazi ile ya haraka ya ini huzalisha asidi ya yuriki, ambayo ndiyo chanzo cha jongo. Na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2008 na Hyon Choi na Gary Curhan ulionyesha kwamba wanaume waliokunywa soda mbili au zaidi kila siku walikuwa na hatari ya jongo iliyozidi kwa asilimia 85 ile ya wenzao waliokunywa chini ya moja kwa mwezi.

Ushahidi ulio bora katika jambo hili, kwa maoni yangu, ulitoka Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis, mikononi mwa Kimber Stanhope na Peter Havel. Mwaka 2009 walieleza jinsi walivyowachukua watu 32 wenye uzito uliozidi, wakawanywesha kwa majuma kumi vinywaji vilivyobeba robo ya mahitaji yao ya nishati, wengine vya glukosi na wengine vya fruktosi. Makundi yote mawili yalinenepa kwa kiasi cha kukaribiana. Lakini katika kundi la fruktosi mafuta yalirundikana ndani ya tumbo, kuzunguka viungo, ambako ndiko mafuta yanakodhuru, na mafuta ya damu yakaharibika, na mwili ukapungua utii wake kwa insulini. Kwa watu wa glukosi hayo hayakutokea kwa kiasi hicho. Wengi waliosikia habari hizo walisema: tazama, shira ya mahindi imehukumiwa. Walisahau kwamba kilichohukumiwa ni fruktosi, ambayo imo katika sukari ya miwa karibu kwa kipimo kile kile. Na watafiti haohao walikuwa wamekwisha kulinganisha shira na sukari ya kawaida uso kwa uso mwaka 2008, wakaona mwenendo wa sukari, homoni na mafuta katika damu kwa siku nzima haukuachana. Uchambuzi mmoja wa mwaka 2022, uliokusanya majaribio kadhaa, uliona alama moja ya uvimbe katika damu ikiwa juu kidogo kwa watumiaji wa shira, lakini uzito wa mwili na mafuta ya damu havikuachana. Haki ya kielimu yataka hilo litajwe. Haitaki lipewe uzito usiokuwa wake.

Chanzo cha hofu yenyewe ni makala iliyochapishwa mwaka 2004 na George Bray, Samara Nielsen na Barry Popkin, waliotazama jinsi matumizi ya shira yalivyopanda kwa zaidi ya asilimia 1,000 kati ya mwaka 1970 na 1990, wakatazama jinsi unene wa watu ulivyopanda katika miaka iyo hiyo, wakauliza kama moja si sababu ya jingine. Lilikuwa swali la halali, na waliliuliza kwa adabu ya kitaalamu. Lakini wakati umelijibu. Tangu mwaka 1999 matumizi ya shira nchini Marekani yameshuka mwaka hadi mwaka, hata sasa hayafiki kilo 20 kwa mtu. Na katika muda huohuo idadi ya watu wazima wenye unene wa kupindukia ilipanda kutoka asilimia 30.5 mwaka 1999 na 2000 hadi asilimia 42.4 mwaka 2017 na 2018. Chama cha madaktari wa Marekani kiliamua mwaka 2008 kwamba hakuna dalili ya kutosha ya kuwa shira hunenepesha kuliko sukari nyingine, na hata Center for Science in the Public Interest, jumuiya ambayo kwa miaka mingi imeipiga vita soda bila ya kuchoka, husema kuwa shira na sukari ni hali moja kwa mwili.

Je, basi shira haina hatia? Hatia inayo, lakini nyingine. Kwa kuwa rahisi na kwa kuwa majimaji, iliyafanya maji ya utamu kuwa bidhaa ambayo gharama yake kubwa ni chupa na matangazo, wala si utamu wenyewe. Na mwenye kuuza akaona ni heri aongeze kikombe kuliko apunguze bei. Chupa ya kwanza mashuhuri ya Coca-Cola haikufika mililita 200. Mwaka 1980 maduka ya 7-Eleven yalileta kikombe cha Big Gulp kilichokaribia lita moja. Na sukari inayonywewa ina ila ambayo inayotafunwa haina kwa kiasi hicho: tumbo halihisi kushiba kwayo, na mtu hula chakula chake chote juu yake kana kwamba hakunywa kitu. Wala shira haikukaa katika soda peke yake. Iliingia katika mikate, sosi ya nyanya, maziwa ya mgando na vyakula ambavyo mlaji hakudhani kuwa vina utamu, kwa sababu kuitia ni rahisi na kuiacha ni kumwachia mpinzani soko.

Na upande wa pili nao haufai kusimama kama shahidi mwaminifu. Wenye sukari ya kawaida waliwashitaki wenye shira mwaka 2011 kwa kuinadi bidhaa yao kama sukari ya kawaida, wenye shira nao wakafungua madai yao dhidi ya wenye sukari, hata pande zote mbili zikapatana mwezi wa Novemba mwaka 2015. Katikati ya kesi hiyo, tarehe 30 Mei 2012, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilikwisha kukataa ombi la wenye shira la kuibadilisha jina. Lakini mwaka 2016 Cristin Kearns na wenzake walifukua nyaraka zilizoonyesha kwamba katika miaka ya 1960 taasisi ya utafiti ya wenye sukari iliwalipa wataalamu wa Harvard waandike mapitio, yaliyochapishwa mwaka 1967, ya kuipunguzia sukari lawama ya maradhi ya moyo na kuyatwisha mafuta ya chakula. Wakati mtaalamu John Yudkin wa London alipotoa mwaka 1972 kitabu chake cha kuonya juu ya sukari, alidharauliwa na wengi, na umri wake haukutosha kuona fikira zake zikirudiwa. Sukari ambayo Yudkin alionya juu yake ilikuwa ya miwa na ya viazi sukari. Shira ya mahindi ilikuwa bado haijashika soko.

Hapa nawageukia wasomaji wa kwetu. Soda zinazotengenezwa Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi aghalabu hutiwa sukari ya miwa, na wapo wanaojifariji kwa hilo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, halikubagua: lilitaka sukari zote zinazotiwa katika chakula, pamoja na asali, shira na juisi za matunda, zisizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na likasema ni bora zaidi zikiwa chini ya asilimia 5. Kwa mtu wa kawaida asilimia 10 ni kama gramu 50, yaani vijiko vya chai 12. Kopo moja la Marekani la mililita 355 lina gramu 39, nalo limekwisha kula sehemu kubwa ya kipimo hicho kabla chai ya asubuhi haijahesabiwa. Asali, tuipendayo na tunayoitumia kwa dawa, ina fruktosi kama asilimia 38 na glukosi kama asilimia 31. Sukari guru ni sukrosi yenye rangi na ladha. Juisi ya miwa iliyokamuliwa barabarani ni sukrosi iliyo majimaji. Na shira ya mkonge wa Meksiko, inayouzwa ghali kwa watu wa afya huko ughaibuni, yaweza kuwa na fruktosi nyingi kuliko shira ya mahindi yenyewe. Tunda zima limebagukana na hayo yote, kwa kuwa nyuzinyuzi zake huichelewesha sukari, na kwa kuwa ni vigumu mtu kutafuna machungwa sita kwa mkao mmoja, ilhali kuyanywa ni kazi ya dakika.

Tena uharibifu huu una njia ya kurudi nyuma, nalo ni jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Mwaka 2015 Robert Lustig, tabibu wa watoto wa San Francisco, pamoja na wenzake, walieleza jinsi walivyowapa watoto 43 wenye unene wa kupindukia chakula chenye nishati ile ile waliyoizoea, ila sukari ikapunguzwa kutoka asilimia 28 ya nishati hadi asilimia 10, na pengo likazibwa kwa wanga wa mikate, viazi na vyakula vya namna hiyo. Hakikuwa chakula cha anasa ya afya, wala watoto hawakushindishwa njaa. Kwa siku tisa tu mafuta ya damu yalipungua na mwili ukaanza kuitii insulini. Na katika uchunguzi uliofuata mafuta yaliyokuwa ndani ya ini yakaonekana yamepungua. Wako wataalamu waliolikosoa jaribio hilo kwa kukosa kundi la kulinganisha, na ukosoaji wao una haki. Lakini mzazi aliyeambiwa na daktari kwamba mwanawe ana ini lenye mafuta hana sababu ya kungoja jaribio jingine ili aondoe soda nyumbani.

Huko Marekani, tangu mwaka 2020, viwanda vikubwa vimelazimishwa kuandika juu ya kila bidhaa kipimo cha sukari iliyoongezwa, kwa gramu, iwe ya mahindi, ya miwa au ya asali. Jumuiya ya moyo ya nchi hiyo yataka mtoto wa miaka 2 hadi 18 asizidishe gramu 25 za sukari hiyo kwa siku, na aliye chini ya miaka 2 asipewe kabisa. Mwenye jamaa huko na amwambie autafute mstari huo na kuusoma kabla ya kutazama jina la sukari. Nasi tulioko huku, ambao chupa zetu aghalabu huonyesha kipimo cha sukari kwa kila mililita 100, tuzidishe wenyewe hesabu hiyo kwa ukubwa wa chupa tuliyoishika, kisha tuamue kama tutampa mtoto.